Thiodolaiti ya kale: faida iko wapi, hasara iko wapi

WANUNUZI wa vyuma chakavu katika miji ya Afrika Mashariki hununua shaba kwa kilo. Ndani ya magunia yao, mara moja moja huingia darubini fupi iliyokaa juu ya bamba la duara lenye alama za digrii, ikiwa na skrubu tatu au nne chini yake. Hiyo ni thiodolaiti, chombo ambacho mpima ardhi hupimia pembe. Ikiuzwa kwa uzito hulipa bei ya shaba na hakuna zaidi. Ikifika kwa mkusanyaji wa vyombo vya kale inaweza kulipa mara nyingi zaidi ya hapo, au isirudishe hata nauli ya kuipeleka sokoni.

Kinachotenganisha matokeo hayo mawili si bahati. Soko la vyombo vya kale vya upimaji lina kanuni zake, na mfanyabiashara anayezijua anaweza kuamua ndani ya robo saa kama kitu kilicho mbele yake ni cha kununuliwa au cha kuachwa. Asiyezijua hupoteza mara mbili: hulipa ghali kwa kitu cha kawaida, na huharibu kwa mikono yake kile chenye thamani.

Si ajabu kuviona vyombo hivi huku. Njia ya reli ya Uganda ilipimwa mwaka 1891 na 1892, ujenzi ukaanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge, migodi, mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea wa mwaka 1947 hadi 1951, na kuanzia mwaka 1946 ofisi ya upimaji wa makoloni ya Uingereza iliyochora ramani za nchi hizi. Kazi zote hizo zilihitaji thiodolaiti, dira, minyororo ya kupimia na vyombo vya usawa. Vyombo vya elektroniki na vya setilaiti vilipoingia katika miaka ya 1980 na 1990, vile vya zamani viliwekwa stoo, na kutoka stoo vikaenda kwenye minada ya mali chakavu au nyumbani kwa wapimaji waliostaafu.

Wanunuzi wenyewe, hata hivyo, wengi wako mbali. Soko kubwa liko Uingereza, Ujerumani na Marekani, na bei zinazotajwa huku ni kivuli cha bei za huko. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kujua thamani ya chombo chake hana budi kuanza na mnunuzi wa mwisho anataka nini.

Jina kwanza

Jambo la kwanza analotazama mkusanyaji ni jina lililochongwa kwenye bamba. Mtengenezaji na mji wake huandikwa juu ya dira, kwenye duara la digrii au ubavuni mwa darubini. Jina hilo hueleza ubora, na mara nyingi hueleza umri pia, kwa sababu kampuni hizi zilibadilisha majina kila zilipounganishwa.

Mfano mzuri ni jina la Troughton & Simms la London. Edward Troughton aliungana na William Simms mwaka 1826. Mwaka 1922 kampuni yao iliunganishwa na T. Cooke & Sons ya York, na kuanzia hapo vyombo vikaandikwa Cooke, Troughton & Simms. Hivyo chombo chenye majina mawili tu kilitengenezwa kati ya mwaka 1826 na 1922. Chenye majina matatu ni cha baada ya hapo. Mistari miwili ya maandishi inaweza kuamua kama chombo kimepita miaka 100 au la, na miaka 100 ndiyo mpaka ambao forodha za nchi nyingi hutumia kukitenga kitu cha kale na kitu kikuukuu. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, vitu vya kale vilivyozidi umri huo vina namba yao, 9706, na Uingereza hutoza kodi pungufu ya asilimia 5 vinapoingizwa nchini humo.

Juu kabisa ya soko yako majina ya karne ya 18. Jesse Ramsden wa London, aliyefariki mwaka 1800, alitengeneza mashine ya kugawanya duara katika digrii na dakika. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, polepole na kwa makosa. Thiodolaiti yake kubwa ya mwaka 1787, yenye duara la upana wa futi tatu, ndiyo iliyotumika kuunganisha vipimo vya Uingereza na vya Ufaransa. Iliteketea Southampton kwa mabomu ya mwaka 1941. Kitu chochote chenye saini halisi ya Ramsden hugombewa na makumbusho pamoja na matajiri, na si cha kutarajiwa kwenye gunia la shaba.

Wamarekani nao wana mapenzi yao. Huko dira ya mpima ardhi wa karne ya 18 huhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya taifa, kwani nchi yenyewe iligawanywa kwa dira na mnyororo, na George Washington alikuwa mpima ardhi kabla ya kuwa jenerali. Dira iliyotiwa saini na David Rittenhouse wa Philadelphia ina bei ya makumi ya maelfu ya dola. Lakini dira ya W. & L. E. Gurley wa Troy, New York, iliyo nzuri kwa macho na imara pengine kuliko hiyo ya Rittenhouse, huuzwa kwa mamia tu ya dola. Sababu ni moja: Gurley walitengeneza nyingi mno.

Hapo ndipo wanunuzi wageni wengi hukosea. Hudhani kwamba uzuri wa chombo, uzito wake au usahihi wake ndio bei. Mkusanyaji hanunui usahihi. Simu ya mkononi ya leo ina dira yake ndani. Hununua uchache, jina na historia.

Chombo kilichobuniwa na William Austin Burt kinaonyesha jambo hilo vizuri. Burt alipima ardhi Michigan, mahali ambapo chuma kilichomo ardhini kilivuta sindano ya dira na kuipotosha. Akatengeneza dira inayotafuta kaskazini kwa jua badala ya sumaku, akapata hataza mwaka 1836. Mwaka 1844 kikundi chake kiliona sindano ikigeuka ovyo karibu na mahali panapoitwa Negaunee leo, wakatafuta sababu, wakakuta madini ya chuma. Dira za jua zilizotengenezwa wakati wa hataza yake ni chache sana. Hataza ilipokwisha mwaka 1850, Gurley na wengine wakaziiga kwa wingi. Kwa mtu asiyezoea, ya kwanza na ya pili zinafanana. Kwa mnunuzi anayejua, bei zake hazikaribiani.

Zilizo nyingi huku

Kwa Afrika Mashariki, vitu vinavyoonekana zaidi ni vya kati ya mwaka 1900 na 1970. Kwanza ni thiodolaiti za Kiingereza za shaba zenye duara la inchi tano au sita. Nyingine ni vyombo vya usawa, yaani darubini ndefu iliyolala juu ya pimamaji. Umbo lake fupi na nene lilibuniwa na William Gravatt mwaka 1832 na likaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 100. Vyombo vya usawa ndivyo vyenye bei ya chini kuliko vyote, kwa kuwa kila mkandarasi wa barabara na kila shule ya ufundi ilikuwa navyo. Anayeuziwa kimoja kwa maneno kwamba ni "cha Mjerumani, cha thamani kubwa" afunge pochi yake mpaka aone jina.

Kundi jingine ni thiodolaiti za Uswisi zilizopakwa rangi, hasa Wild T2. Heinrich Wild alianzisha karakana yake Heerbrugg mwaka 1921. Aliweka duara la kioo badala ya la shaba na fedha, akawezesha pande mbili za duara kusomwa kwa pamoja katika tundu moja la macho. Mpimaji hakulazimika tena kuzunguka chombo chake na kusoma mara mbili. Ni uvumbuzi mkubwa, na wapimaji wazee wa nchi hizi huusifu hadi leo. Lakini sokoni T2 ya kawaida huishia kwenye mamia ya dola, kwa sababu ziko nyingi duniani na hazing'ai. Wakusanyaji wengi wa sebuleni wanataka shaba. T2 hununuliwa na wapimaji wenyewe.

Kuna pia chombo kimoja cha asili ya Afrika ambacho soko bado halijakipa uzito. Telurometa, iliyobuniwa na Trevor Wadley wa Afrika Kusini na kutoka mwaka 1957, ilipima umbali wa makumi ya kilometa kwa mawimbi ya redio na kubadili kabisa upimaji wa bara hili. Ni sanduku kubwa, halipendezi mezani, na wanunuzi wake ni wachache. Mwenye nafasi ya kulihifadhi anaweza kununua kwa bei ndogo, mradi asiwe na haraka ya kuuza.

Ndimu na majivu

Hasara kubwa kuliko zote hutokea nyumbani kwa muuzaji, siku moja kabla ya mnunuzi kufika. Muuzaji huona shaba imefifia, hukumbuka jinsi masinia na mabuli yanavyong'arishwa kwa ndimu na majivu, kwa ukwaju au kwa dawa ya kopo, naye husugua mpaka chombo kinang'aa kama dhahabu. Anaamini ameongeza bei, kumbe ameikata.

Shaba ya thiodolaiti haikutoka kiwandani ikiwa tupu. Ilipakwa vanishi ya kulinda, na sehemu nyingi zilitiwa rangi nyeusi au kahawia kwa makusudi ili jua lisimwumize macho mpimaji. Ngozi hiyo ya awali ndiyo anayoitafuta mkusanyaji, ikishaondolewa hairudi. Baya zaidi, alama za digrii kwenye vyombo bora zimechongwa juu ya utepe mwembamba wa fedha uliopachikwa ndani ya shaba. Mistari hiyo ni myembamba kuliko unywele. Kusugua mara tatu kwa mchanga laini kunatosha kuifuta, na chombo kisichosomeka ni pambo tu.

Kinachoruhusiwa ni kidogo: brashi laini ya kuondolea vumbi, kitambaa kikavu, na tone la mafuta mepesi kwenye skrubu iliyokwama. Ndani ya darubini kusiguswe. Nyuzi za msalaba zinazoonekana mtu akichungulia mara nyingi ni utando halisi wa buibui, na kidole au pumzi ya nguvu huzikata.

Pamoja na hali ya ngozi, kinachohesabiwa ni ukamilifu. Kasha la asili la mbao, likiwa na vishikio vyake vya ndani, cheti cha kampuni kilichogandishwa kwenye kifuniko, kipande cha ziada cha macho, timazi, ufunguo wa kurekebishia na miguu mitatu: kila kimoja kina sehemu yake katika bei. Muuzaji aliyetumia kasha kuwekea misumari na miguu kutegemezea meza ametupa fedha. Sindano ya dira iliyobadilishwa au kioo cha pimamaji kilichopasuka hushusha bei, lakini si kwa kiasi cha kusugua.

Kisha kuna historia ya chombo. Thiodolaiti mbili za mwaka mmoja na mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana bei kwa sababu moja ina daftari la vipimo, barua au picha inayoonyesha ilitumika wapi na nani. Hadithi ya mdomo haitoshi. Maneno kwamba chombo "kilipima Kilimanjaro" yasiyo na karatasi hayaongezi hata senti moja, na humfanya mnunuzi mzoefu aanze kutilia shaka mengine yote.

Za bandia

Maduka ya vitu vya kumbukumbu, hasa ya pwani na ya hoteli, yana dira na thiodolaiti ndogo za shaba zinazong'aa, zimeandikwa "Stanley London" na mwaka wa karne ya 19. Nyingi ni mpya. Hutengenezwa India, ambako mji wa Roorkee una karakana nyingi za vyombo vya upimaji na vya mapambo. Kuzitengeneza si kosa, wala kuzinunua kwa bei ya pambo si kosa. Hasara huja zinapouzwa kama za kale.

William Ford Stanley alikuwapo kweli. Alianza kazi London katika miaka ya 1850, akafariki mwaka 1909, na vyombo vya kampuni yake ni vizuri. Kwa hiyo jina peke yake halithibitishi wala halikanushi kitu, na mnunuzi hana budi kupima kwa njia nyingine.

Njia iliyo nyepesi ni vania, kile kipande kidogo cha alama kinachoteleza kando ya duara kubwa ili kusoma dakika. Kwenye chombo halisi, mstari wa sifuri wa vania ukilinganishwa na mstari wowote wa duara, mstari wake wa mwisho nao huangukia mstari mwingine wa duara bila kupotoka, na yote ya katikati hupishana kwa mpangilio. Kwenye pambo, mistari ni minene, mara nyingi imemiminwa au kuchorwa kwa dawa, na hailingani popote. Skrubu zenye kichwa cha msalaba pia humfichua mwigaji, kwani hazikuwapo karne ya 19. Darubini isiyokuza, pimamaji lisilotulia na kasha lenye harufu ya rangi mpya humaliza mjadala.

Mali ya nani?

Kabla ya hesabu ya faida liko swali la umiliki. Vyombo vingi vya nchi hizi vilikuwa mali ya serikali, shirika la reli, shule au mgodi, na namba ya mali huwa imegongwa au kupakwa kwenye kasha. Anayenunua bila karatasi ya mnada au ya kuondolewa stoo anaweza kujikuta ameshika mali ya wizi. Vivyo hivyo kwa mabamba na nguzo za alama za upimaji zinazong'olewa mashambani na vilimani: hivyo si vitu vya kale vya kuuzwa, ni alama za mipaka ya watu, na kuziondoa ni kosa la jinai.

Sheria za mambo ya kale nazo zina makali yake. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Maana yake ni kwamba dira iliyotengenezwa London lakini ikafika Mombasa na wapimaji wa reli mwaka 1891 inaangukia humo, na kuipeleka nje kunahitaji kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo kwa vitu vinavyohamishika huweka mpaka kwenye mwaka 1863. Msafirishaji anayeuliza kwanza hupoteza siku chache. Asiyeuliza anaweza kupoteza mzigo.

Viko vitu viwili ambavyo ni afadhali kuviepuka kabisa. Kimoja ni rula na vipimio vya kuchorea vya pembe ya ndovu, vilivyokuwa ndani ya masanduku mengi ya wapimaji. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Uingereza ilipitisha sheria yake ya mwaka 2018 inayozuia hata vingi vya vile vya kale. Kingine ni dira za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 ambazo alama zake ziling'aa gizani. Rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na radiamu. Mng'ao umekwisha lakini radiamu haijaisha, kwani huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu yake. Dira ya namna hiyo isifunguliwe, isikwanguliwe, na isitiwe kimya kimya kwenye kifurushi cha ndege.

Hesabu yenyewe

Chukuliwe mfano wa kukokotoa tu. Thiodolaiti ya shaba inapigwa nyundo mnadani Uingereza kwa pauni 600. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, yeye hulipa pauni 750. Zile 150 haziendi kwa muuzaji. Muuzaji naye hukatwa kamisheni, tuseme asilimia 15, yaani pauni 90, na pauni 30 za picha na bima. Zinabaki 480. Chombo na kasha lake kikisafirishwa kwa ndege kwa pauni 150, zinabaki 330, na bado bei aliyokinunulia haijatolewa. Aliyekinunua kwa thamani ya pauni 300 amefanya kazi miezi kadhaa kwa pauni 30. Chombo kisipofikia bei ya kianzio, hurudi au hulipiwa hifadhi.

Ndiyo maana vyombo vya usawa na T2 za kawaida havistahili safari hiyo. Soko lake ni la hapa hapa: hoteli, ofisi za wanasheria wa ardhi, kampuni za upimaji zinazotaka kitu cha kuweka mapokezi, na wapimaji wenyewe wanaokumbuka ujana wao. Bei ni ndogo lakini nauli haipo.

Mwekezaji anayenunua ili kuweka ajue pia mwendo wa soko lenyewe. Kabla ya biashara ya mtandao kuanza katika miaka ya 1990, mkusanyaji wa Ohio alidhani dira yake ya Gurley ni adimu. Zilipoanza kuonekana nyingine kila wiki, bei za vitu vya kawaida zikalegea, na vile vichache kweli vikashika bei yake. Mnada wa Christie's wa South Kensington, uliokuwa ukiuza vyombo vya kisayansi kwa miaka mingi, ulifungwa mwaka 2017. Biashara imehamia kwa nyumba ndogo zilizobobea, mojawapo ikiwa ya Köln, Ujerumani, na kwenye mtandao, ambako bei zilizokwisha kulipwa husomeka bila malipo. Bei hizo zilizolipwa ndizo za kufuatwa. Bei anayoomba muuzaji kwenye tangazo lililokaa miaka miwili haina mnunuzi.

Anayetaka makadirio kutoka nyumba ya mnada nje hahitaji kusafirisha kitu. Huombwa picha: jina na namba kwa karibu, duara la digrii kwa mwanga wa ubavuni, kasha likiwa wazi na vyote vilivyomo, na chombo kizima pande nne. Zipigwe kabla ya mtu yeyote kwenda sokoni kununua ndimu.